Katauti ya ekzosi katika gari la turbo: inachoongeza na inachoharibu

KATAUTI ni mlango mdogo unaowekwa kwa makusudi katika bomba la ekzosi la gari, kabla ya sailensa, ili dereva akitaka, moshi wa injini utoke hapo hapo bila kuzunguka hadi nyuma. Mlango huo ukifungwa, gari hunguruma kama magari mengine. Ukifunguliwa, mtaa mzima hupata habari.

Wapo wanaodhani kwamba huu ni uvumbuzi wa vijana wa siku hizi. Sivyo. Ndugu wawili wa Kimarekani, Milton na Marshall Reeves wa mji wa Columbus, jimbo la Indiana, walipata hataza ya sailensa ya injini mwaka 1897, na haukupita muda mrefu kabla ya watengenezaji wa magari kuanza kuweka njia ya kuikwepa. Sailensa za enzi hizo zilibana moshi na injini zenyewe zilikuwa dhaifu. Gari lilipofika mlimani, dereva alikanyaga pedali ndogo sakafuni, moshi ukatoka moja kwa moja, na gari likapata nguvu kidogo ya kumalizia kilima. Miji mingi ya Marekani iliishia kukipiga marufuku kifaa hicho, kwa kuwa madereva waliendelea kukifungua hata mahali pasipokuwa na mlima wowote.

Katika zama hizi katauti huonekana zaidi kwenye magari yaliyoongezwa nguvu, na hasa yale yenye turbo. Kwa Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni Subaru Impreza na Forester za turbo, zinazoingia kwa wingi kama magari yaliyokwisha kutumika Japani. Impreza WRX ilitoka huko mwishoni mwa mwaka 1992 ikiwa na injini ya lita mbili iliyotangazwa kutoa nguvu za farasi 240, na jina lake likakita mizizi Kenya baada ya Colin McRae kushinda nalo mashindano ya Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Mngurumo wake wa kukatika-katika hautokani na katauti. Unatokana na mabomba ya kukusanyia moshi kutoka silindani, ambayo katika matoleo mengi ya zamani hayalingani urefu, hivyo mapigo ya moshi hufika kwenye turbo kwa nafasi zisizo sawa. Katauti huufanya mngurumo huo usikike mbali zaidi, basi.

Swali la msingi ni moja: je, katauti inaongeza nguvu kweli, au ni kelele tu?

Kwa nini turbo ni tofauti

Katika injini isiyo na turbo, moshi hutoka kwa mapigo, na kila pigo likisafiri bombani hurudisha wimbi linaloweza kusaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Watengenezaji huchagua urefu na upana wa bomba kwa kuzingatia mawimbi hayo. Fundi akilikata bomba mahali popote apendapo, anaweza kuvuruga mpango huo na gari likapoteza nguvu katika mwendo wa chini. Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba injini inahitaji kubanwa kidogo ili iwe na nguvu. Imani hiyo si sahihi. Injini haihitaji kubanwa, bali inahitaji mawimbi yake yasivurugwe.

Kwa gari la turbo hali ni nyingine. Moshi ukitoka injini hupiga kwanza gurudumu la turbini, nalo huzungusha kompresa inayosukuma hewa kuingia injini. Turbini hunyonya sehemu kubwa ya nguvu ya mapigo hayo, kwa hiyo baada yake hakuna mawimbi ya maana ya kulinda. Kinachotakiwa nyuma ya turbini ni kitu kimoja tu, yaani presha iwe ndogo kadiri inavyowezekana.

Sababu yake inaeleweka kwa hesabu fupi. Nguvu inayopatikana kwenye turbini hutegemea sana uwiano wa presha iliyo mbele yake na iliyo nyuma yake. Tuchukue kwamba mbele ya turbini kuna kilopaskali 230, na nyuma yake, kwa sababu ya sailensa inayobana, kuna kilopaskali 130. Uwiano ni takriban 1.8. Ikiwa njia ya nyuma itafunguliwa na presha ishuke hadi kilopaskali 105, uwiano unapanda hadi karibu 2.2. Moshi ni ule ule na petroli ni ile ile, lakini turbini sasa ina nguvu zaidi za kuzunguka. Turbo huamka mapema, na injini hutumia jasho dogo zaidi kuusukuma moshi nje.

Kwa hiyo wenye magari ya turbo wanaosema kwamba wanahisi tofauti hawadanganyi. Ila tofauti hiyo ina asili ambayo wengi hawaitafakari. Katauti haina nguvu zake yenyewe. Inachofanya ni kuondoa kizuizi kilichokuwapo, na ukubwa wa faida ni sawasawa na ukubwa wa kizuizi. Gari lenye bomba jembamba la kiwandani na sailensa iliyojaa masizi linaweza kunufaika sana. Gari ambalo tayari lina bomba la milimita 76 kutoka kwenye turbo hadi nyuma, pamoja na sailensa ya kupita moja kwa moja, halitapata kitu zaidi ya makelele.

Jambo hili linaweza kupimwa, na ni ajabu kwamba ni wachache wanaolipima kabla ya kukata bomba. Fundi hufungua sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya turbo, mahali pake akafunga mrija wa chuma unaokwenda kwenye geji ya presha, kisha gari likaendeshwa kwa mafuta yote hadi karibu na mwisho wa mizunguko, mahali palipo salama kufanya hivyo. Geji ikionyesha kilopaskali 10 au chini ya hapo juu ya presha ya kawaida ya hewa, ekzosi haina tatizo kubwa. Ikionyesha 25 au 30, kizuizi kipo, na inafaa kuulizwa kiko wapi. Mara nyingi hukutwa ni katalitiki iliyoyeyuka au kuziba, au mahali bomba lilipopondwa na tuta. Kubadilisha kipande hicho huleta sehemu kubwa ya faida ya katauti, saa zote, bila kelele.

Presha inayopanda bila kuitwa

Hatari ya kwanza kwa injini inatoka pale pale inapotoka faida. Turbo nyingi za magari haya zina mlango wa pembeni, ambao mafundi huuita westigeti. Kazi yake ni kupitisha moshi kando ya turbini pindi hewa iliyosukumwa inapofikia kiwango kilichopangwa. Njia ya nyuma ikifunguliwa, turbini inapata nguvu zaidi, na westigeti inalazimika kupitisha moshi mwingi zaidi ili kuishikilia. Tundu lake likiwa dogo, inashindwa. Presha ya hewa inaendelea kupanda kadiri mizunguko inavyoongezeka hata kama mlango umefunguka wote.

Kompyuta ya injini za Subaru hupima hewa inayoingia na kuongeza petroli ipasavyo, na presha ikivuka kikomo hukata petroli ghafla. Gari hupiga mshtuko kana kwamba limegonga ukuta. Wapo wanaoliona hilo kuwa kero na kumwomba fundi aondoe kikomo katika programu. Huo ndio mwanzo wa safari ya kwenda kwa fundi wa kufungua injini. Sindano za petroli zina mwisho wa uwezo wake, na pampu vilevile. Hewa ikizidi petroli wakati turbo inasukuma kwa nguvu zote, joto la chumba cha kuchomea hupanda, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, na injini hugonga. Kugonga kwa sekunde chache chini ya mzigo mkubwa kunatosha kuvunja kingo za pistoni zinazoshikilia ringi. Mwenye gari hujua siku chache baadaye, anapoona moshi wa buluu na oili ikipungua.

Kuna ugumu mwingine unaoihusu katauti peke yake. Gari lililobadilishiwa ekzosi nzima lina tabia moja, na fundi wa programu hulirekebisha kwa tabia hiyo. Gari lenye katauti lina ekzosi mbili katika mwili mmoja, na dereva huhama kutoka moja hadi nyingine kwa kubonyeza swichi, wakati mwingine akiwa katikati ya mwendo. Programu iliyopangwa katauti ikiwa imefungwa itaruhusu presha kupita kiasi ikifunguliwa. Utaratibu unaokubalika ni kurekebisha injini kwanza mlango ukiwa wazi, kwa kuwa hiyo ndiyo hali yenye hatari, kisha kuufunga na kuhakikisha kwamba hakuna kinachoharibika. Gari linapungukiwa kidogo likiwa limefungwa, lakini linabaki zima.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari nao una neno. Dar es Salaam na Mombasa presha ya hewa ni karibu kilopaskali 101. Nairobi, iliyo juu kwa zaidi ya mita 1,700, ni karibu 82. Ili injini ipate kilopaskali 200 za hewa, kompresa iliyo pwani huzidisha presha mara mbili hivi, lakini ile ya Nairobi hulazimika kuizidisha karibu mara mbili na nusu. Turbo ya Nairobi kwa hiyo huzunguka kwa kasi kubwa zaidi kufanya kazi ile ile, na nafasi yake ya usalama ni finyu. Kuiongezea nguvu kwa kufungua njia ya nyuma bila kupunguza kiwango kinachoombwa ni kuisukuma kuelekea kasi ambayo beringi na mapanga yake havikutengenezewa. Programu iliyofanyiwa kazi pwani isichukuliwe kuwa salama bara bila kupimwa upya.

Mahali pa kutoboa

Katauti yenyewe ni kitu rahisi. Kipande cha bomba chenye tawi huchomelewa chini ya gari, na mdomoni mwa tawi hufungwa flanji. Aina ya bei nafuu huzibwa kwa bati na bolti tatu, na dereva hulala chini kuzifungua kwa spana. Aina ya umeme ina kisahani kinachozunguka ndani ya tawi kama sarafu, kikiendeshwa na mota ndogo iliyounganishwa na swichi ndani ya gari. Ipo pia inayotumia waya wa chuma kama ule wa breki ya mkono, na ipo inayovutwa na upepo unaonyonywa na injini.

Mahali pa kuiweka ndipo kazi njema na mbaya zinapotengana. Ikiwekwa kabla ya sensa ya oksijeni au karibu nayo, hatari ni kwamba kati ya pigo moja la moshi na jingine hewa ya nje huvutwa kuingia bombani. Sensa huiona oksijeni hiyo na kuiambia kompyuta kwamba petroli haitoshi, nayo huongeza petroli isiyohitajika. Gari hunuka petroli na plagi huwa nyeusi. Mahali pafaapo ni baada ya katalitiki na sensa zote, lakini kabla ya sailensa.

Fundi wa kuchomelea anapaswa pia kutazama kilicho jirani. Moshi unaotoka silindani chini ya mzigo mkubwa huwa na joto la nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi au zaidi, na hata baada ya kupita kwenye turbini hubaki na mamia ya nyuzi. Chini ya gari kuna mabomba ya petroli, mipira ya breki, nyaya za gia boksi na mipira inayofunika grisi ya shafti. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoundwa kupulizwa moto huo. Tawi likielekezwa chini kabisa, hupuliza moto kwenye nyasi kavu gari linapoegeshwa kando ya barabara ya vumbi, na kiangazi jambo hilo si la mzaha.

Gesi isiyonusa

Hatari kubwa kuliko zote haina sauti. Sailensa hutoa moshi nyuma ya gari kwa sababu nzuri: hapo hutawanyika kabla haujawafikia abiria. Katauti huutoa chini ya viti. Katika gari la zamani lenye kutu sakafuni, mipira ya nyaya iliyokauka au milango isiyoziba vizuri, moshi huo hupata njia ya kuingia ndani, hasa gari likisimama kwenye foleni au likiendeshwa polepole madirisha ya nyuma yakiwa wazi.

Ndani ya moshi huo mna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara mia mbili au zaidi. Magari ya turbo yana upekee mbaya hapa. Ili kupoza chumba cha kuchomea, injini iliyoongezwa nguvu hupewa petroli nyingi chini ya mzigo, yaani kilo moja ya petroli kwa kilo 11 au 12 za hewa, badala ya 14.7 zinazotosha kuiunguza yote. Petroli isiyoungua vizuri ndiyo mama wa gesi hiyo, na kiasi chake katika moshi hufika asilimia kadhaa. Katalitiki haina oksijeni ya kutosha kuisafisha wakati huo, na kama katauti imewekwa kabla yake, moshi hauipiti kabisa, mzigo uwe mkubwa au mdogo.

Dalili zake hudanganya. Kichwa huuma, kizunguzungu huingia, tumbo huchafuka, na abiria hudhani ni uchovu au chakula cha mchana. Aliye nyuma, mara nyingi mtoto aliyelala, ndiye wa kwanza kudhurika na wa mwisho kulalamika. Kuwasha gari lenye katauti ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa dakika chache za kusikiliza mlio, ni kuhatarisha maisha.

Jirani na sheria

Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Ongezeko la desibeli 10 husikika masikioni kama sauti iliyokaribia kuwa maradufu, ingawa nguvu ya sauti yenyewe imekuwa mara kumi. Ulaya iliweka kikomo cha desibeli 74 kwa magari madogo mapya katika miaka ya 1990, na kanuni ya mwaka 2014 ikapanga kukishusha kwa awamu hadi 68 kwa magari ya kawaida. Gari lililofunguliwa katauti huvuka viwango hivyo kwa mbali.

Sheria za nchi nyingi hazikusubiri vipimo. Sheria ya magari ya California, kifungu cha 27150, inataka kila gari liwe na sailensa inayofanya kazi wakati wote na inaitaja katauti kwa jina kuwa marufuku. Haijalishi kama imefungwa au imefunguliwa siku ya kukamatwa. Sheria ya hewa safi ya Marekani nayo inakataza kukwepa vifaa vya kusafisha moshi. Uingereza, kanuni za mwaka 1986 zinakataza kuibadilisha sailensa kwa namna inayoongeza kelele. Paris na New York zimefikia hatua ya kujaribu kamera zinazosikiliza kelele na kupiga picha namba ya gari. Kenya ina kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo chini ya sheria ya mazingira, na kelele za magari zimo. Bima pia ni jambo la kukumbuka, kwani badiliko ambalo kampuni haikuarifiwa linaweza kuwa hoja ya kukataa dai siku ya ajali, hata kama ajali haikuhusiana na ekzosi.

Kwa haki, wazo la ekzosi yenye tabia mbili si la kihuni. Ferrari F355 ya miaka ya 1990 ilikuwa na vali ya kukwepa sehemu ya sailensa, na Chevrolet Corvette Z06 ya mwaka 2006 ilitoka kiwandani na vali za namna hiyo. Tofauti ni kwamba vali za kiwandani hukaa nyuma kabisa ya gari, moshi hutoka mahali pake pa kawaida hata vali zikiwa wazi, katalitiki haiguswi, na kompyuta ndiyo inayoamua zifunguke lini. Fundi wa mtaani anaweza kuiga mpangilio huo kwa kuichukua njia ya tawi na kuifikisha nyuma ya gari kwa bomba lake lenyewe, likipita sailensa ndogo ya kupita moja kwa moja. Gharama huongezeka na mlio hupungua, na kwa sababu hizo mbili kazi ya namna hiyo haionekani mara kwa mara.

Mahali pake halisi ni uwanja wa mashindano, ambako gari huendeshwa kwa nguvu zote, madirisha hayana watoto, na majirani walikuja wenyewe kusikiliza. Huko hata swichi ya umeme huonekana anasa. Bati na bolti tatu hutosha.

Aliyenunua gari ambalo tayari lina katauti, jambo linalotokea mara nyingi katika magari yaliyopita mikononi mwa watu kadhaa, hana budi kuikagua kabla ya mambo mengine. Kisahani cha umeme hupinda kwa joto na kuacha mwanya, mota hujaa maji na tope la msimu wa mvua, na gasketi ya flanji huungua. Gari likiwa limepandishwa na injini ikiwa baridi, kitambaa kizito huzibwa kwa muda mfupi mdomoni mwa bomba la nyuma huku msaidizi akisikiliza chini: mlio wa kupuliza kwenye tawi ni ushahidi wa mvujo, na masizi meusi pembeni mwa flanji ni ushahidi wa mvujo wa siku nyingi. Asiyehitaji kifaa hicho anaweza kuagiza kiondolewe kisahani, tawi likatwe, na bomba lichomelewe bati la unene ule ule, kazi ya chini ya saa moja kwa fundi mzoefu. Baada ya hapo programu ya injini iangaliwe upya, kwa sababu huenda ilipangwa mlango ukiwa wazi.